Mwenyeji Asiyeshuka Chini ya Soni

Kazi yangu ni kuwapandisha watu milimani na kuwarudisha siku hiyohiyo. Mgeni akifika Tanga, joto letu likamchosha, akasikia kwamba saa chache tu kutoka hapa kuna mahali watu wanalala na mablanketi mawili, ananitafuta. Tunatoka alfajiri, gari langu zima ni lake na watu wake tu. Tunapita Muheza na Korogwe, tunakata kona Mombo, kisha tunaanza kupanda. Kazi yangu inaishia kwenye usukani. Mimi ni mtu wa pwani, na habari za kule juu nilikuwa nazo za kuokoteza tu. Mwenye habari za kule juu alikuwa Mwenyeji.

Jina lake ninalijua, lakini sisi madereva hatukulitumia, na yeye hakulidai. Alikuwa mama mtu mzima, mfupi, mwenye sweta ya kijivu asiyoivua hata jua likiwaka, kanga kiunoni, mabuti ya mpira miguuni na mwavuli kwapani. Kwenye mkoba wake kulikuwa na chupa ya chai na viazi vya kuchemsha, kwa sababu chakula cha boksi wanachobeba wageni hakukiamini. Alikuwa akitungoja Soni, pale unapoanza kusikia maporomoko ya maji. Waongozaji wenzake walishuka hadi Mombo kuwawahi wageni barabarani. Yeye hakushuka. Ukimpigia simu ukamwambia mgeni amefika Mombo, alijibu, "Basi mpandishe, mimi nipo." Hata mvua inyeshe, hata gari liharibike huko chini, alikuwapo Soni, na chini ya Soni hakuwahi kuonekana. Mimi nina udaku wa kuzaliwa nao, na jambo hilo lilinikaa kichwani tangu safari ya kwanza.

Kutoka barabarani Lushoto mpaka kwenye jabali la Irente, mahali ambapo wageni wote wanataka kufika, si mbali. Kwa mwendo wa Mwenyeji palikuwa mbali sana. Hakuweza kuupita mlango wa mtu. "Onga mshi!" alisalimia kwa lugha ya kwao kutoka njiani, na kutoka ndani, au shambani, au jikoni, sauti ikamjibu, "Niwedi!" Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza. Ndama amepona? Mjukuu amefaulu? Bati limeshapigiliwa? Wageni walikuwa wakitazama saa, wakinitazama mimi, na mimi nikitazama migomba. Baada ya nyumba kadhaa waliacha kutazama saa. Wengine walianza kuita wenyewe, vibaya kabisa, na watu walitoka nje kucheka na kuwakaribisha.

Kwenye shikamoo hakuwa na mchezo hata kidogo. Safari moja tulikuwa na kijana wa watu, mtanashati, amezibwa masikio na muziki wake. Mtoto wa shule akampita, akasimama, akamwamkia. Kijana akatabasamu akaendelea kutembea. Mwenyeji alimshika mkono wa shati.

"Baba, umeamkiwa."

"Eh? Ah, nimemwona, mama, nimemchekea."

"Hujaitika. Mwangalie, bado amesimama. Ukimwacha hivyo atakaa na shikamoo yake mkononi mpaka jioni."

Kijana akarudi nyuma, akaitika marahaba, na mtoto akakimbia zake. Maneno yale niliyapenda, nikawa nayatumia nyumbani kwa wanangu. Sikujua kwamba mwenyewe alikuwa na sababu ya kuyajua.

Tofauti na waongozaji wengi, Mwenyeji hakupenda kuhutubia. Ukimuuliza kitu, hata kama jibu alikuwa nalo, alikwambia, "Hilo tukamuulize mwenyewe." Mgeni mmoja alitaka kujua inakuwaje watu wanalima viazi kwenye mteremko mkali namna ile bila kubingirika pamoja navyo. Tukaenda kumuuliza mwenye shamba. Mwenye shamba akampa jembe. Mgeni alilima mstari mmoja, akateleza, akaanguka, akainuka na tope mpaka kidevuni, na jioni njia nzima ya kurudi Tanga alikuwa akisimulia mstari wake.

Badala ya kueleza, yeye ndiye aliyeuliza. Sijapata kuona mtu anayeongoza watalii huku akiwa na hamu ya kujua kuliko watalii wenyewe. Kwenu mnapika nini wakati wa baridi? Nani anawachotea maji? Mkwe akija anakaa wapi? Bibi mmoja kutoka Dar es Salaam, mtu wa ofisi kubwa, aliulizwa, "Na wewe mama, ukiugua nani anakuja kukukalia?" Yule bibi alicheka, kisha akaacha kucheka. "Kwa kweli, sijui," alisema. Mwenyeji alimmenyea kiazi akampa.

Alikuwa na sheria kwamba hakuna kuingia nyumba ya mtu mikono mitupu, wala kutoka mikono mitupu. Kwa hiyo tulianzia sokoni Lushoto, wageni wakanunua mikate na sukari, wakavigawa njiani, na kila walipogawa walirudishiwa kitu: karoti, mapeasi, kabichi kubwa ya kukumbatia kwa mikono miwili. Kuikataa kabichi ilikuwa ni kumtukana mtu. Wageni nao wangeifanyia nini hotelini? Basi zote zilibaki kwenye gari langu. Mke wangu alikuwa akisikia harufu tu mlangoni anasema, "Leo ulikuwa kwa mama yako wa milimani."

Nisije nikamchora malaika. Alikuwa mbishi. Alikuwa mbeya aliyekataza umbeya: habari za majirani alinipa zote, halafu akaniambia dereva hafai kupenda habari za watu. Hakupenda kupigwa picha, lakini ikipigwa alitaka kuiona kwanza yeye. Kinyonga, ambaye wageni wanavuka bahari kuja kumtazama, alimwogopa vibaya sana. Alimwonyesha kwa ncha ya mwavuli, kutoka mbali. "Mzuri sana huyu," alisema, "msogeleeni nyinyi." Alikuwa Mlutheri wa kwaya, sauti ya pili, na wageni wakichelewa aliwafanyia mazoezi ya wimbo wa Jumapili wapende wasipende. Adhana ikipanda kutoka msikiti wa bondeni alinyamaza mpaka iishe, kisha akanigeukia. "Dereva, kaswali. Hawa nitawakalisha mimi."

Hakuchoka kutuonea huruma sisi wa chini. Kule juu, tambarare yote ya joto iliyo chini ya milima wanaiita nyika, na kwa wazee wao nyika si mahali pa kuishi mtu. Ni mahali pa kupita. Kuna mbu, kuna homa, maji yana chumvi, na jua halina adabu. Kwa Mwenyeji hata Tanga yetu yenye bahari ilikuwa nyika tu iliyolowa maji. Kila jioni nilipomshusha Soni aliniagiza jambo moja: "Ukifika chini, funga vioo. Usisimame. Pita tu." Nilimwambia, mama, mimi naishi huko chini, nisimame wapi nisipite wapi? Akasema, "Ndiyo maana nakuombea."

Sasa nije kwenye lile jabali.

Wageni wakifika Irente wananyamaza. Mlima unakatika ghafla kama mkate, na chini yako nyika imelala yote, mashamba ya mkonge yamepigwa mistari, barabara kuu, malori ya ukubwa wa punje ya mchele, mabati ya Mazinde yanametameta. Mimi mwenyewe niliyefika pale mara nyingi bado huwa natafuta pa kushika. Mwenyeji aliwafikisha wageni mpaka kwenye mti wa mwisho wa muwati, hatua chache kabla ya ukingo, akasema, "Haya, nyika yenu hiyo," kisha akageuka. Alikaa chini ya ule mti akiwa ameipa nyika mgongo, akamenya viazi. Safari zote. Kitu ambacho watu walitoka mbali kukitazama, yeye aliyewaleta hakukitazama.

Wageni walimuuliza, na kila mgeni alipata jibu lake. Mmoja aliambiwa ni kizunguzungu. Mwingine aliambiwa ni upepo, unamuumiza masikio. Mwingine, "Nimeshapaona, mwanangu, tazama wewe." Hilo la kizunguzungu lilinichekesha, kwa sababu niliwahi kwenda naye msituni kule Shume. Tulivuka korongo juu ya gogo moja lenye utelezi, yeye alipita amefunga mikono kifuani akizungumza, na mimi nilitambaa kwa magoti.

Siku moja tukakutwa na ukungu. Tulifika Irente dunia imekuwa nyeupe, huoni hata muwati. Wageni, mume na mke kutoka Arusha, walikata tamaa wakaenda kunywa chai kwenye kibanda cha jirani. Mimi nilibaki nikamtafuta Mwenyeji chini ya mti wake. Hakuwapo. Nilimkuta mbele, kwenye ukingo kabisa, amekaa miguu inaning'inia, mwavuli pembeni, ametulia kama mtu aliyekaa kibarazani kwake.

"Mama! Rudi nyuma!"

"Usipige kelele, dereva. Njoo ukae."

Sikuenda kukaa. Nilichuchumaa nyuma yake nikashika majani. "Leo kizunguzungu kimekwenda wapi?"

"Leo hakuonekani kitu."

"Na siku kukionekana?"

"Siku hiyo na mimi naonekana," alisema.

Ndipo akanisimulia, bila kunigeukia. Mumewe alishuka nyika kukata mkonge, msimu mmoja tu, wapate mabati ya nyumba. Alirudishwa na lori akiwa na homa, na wakamzika kabla ya viazi kuvunwa. Tangu siku hiyo aliapa kwamba mtoto wake hatalala nyika. Alikuwa naye mmoja, wa kike. Binti akakua, akakutana na fundi pikipiki wa Mazinde aliyekuwa akipanda Lushoto siku za soko. "Kijana hana kosa," Mwenyeji alisema. "Nilimtafuta kosa nikakosa. Kosa lake ni mahali anapolala."

"Wakaoana?"

"Wakaoana. Mimi sikwenda. Siku anaondoka alikuja pale uani, nilikuwa napepeta maharage. Akapiga goti akasema, shikamoo mama. Nikaendelea kupepeta."

Nilidhani sikusikia vizuri. Mtu anayemshika mgeni mkono wa shati kwa ajili ya shikamoo ya mtoto asiyemjua! "Mama, wewe? Hukuitika?"

"Mimi."

"Na baadaye?"

"Baadaye alikuwa ameshashuka."

Ukungu ulikuwa ukipanda kutoka chini, ukipita kati yetu. Akasema binti ana watoto sasa, ameambiwa na watu. Anakaa Mazinde, nyumba ina bati la bluu, ameambiwa na watu. Yeye bati hilo hajaliona. Hapo nikamuuliza swali lililonikaa miaka yote. Kwa nini basi asitazame siku ya jua, alau aone bati la mwanawe?

"Kwa sababu akiinua macho ataniona," alisema, kana kwamba namuuliza jambo la kitoto. "Mimi hapa, zamani nilipokuwa natazama, niliona mpaka nguo zilizoanikwa. Yeye je? Ataniona nimekaa namchungulia. Atasema, mama kanuna huku anachungulia. Afadhali aone mgongo."

Mimi sikuwa na hakika. Mimi Mazinde huwa sipiti, gari langu linakunja Mombo. Lakini baadaye nilipata mgeni wa kumpeleka Same, na wakati wa kurudi, nikiwa peke yangu, nilisimama Mazinde. Nikashuka, nikainua macho. Mlima ulikuwa umesimama pale juu kama ukuta, mkubwa wa kutisha. Nilitafuta jabali la Irente mpaka shingo ikauma. Niliona mwamba, na juu ya mwamba kijani. Hata mti wa muwati sikuuona, sembuse mtu.

Safari iliyofuata nilimweleza. Nilidhani atafurahi. Alikasirika.

"Wewe ni mtu wa pwani. Macho yako yamezoea maji."

"Mama, nimetazama kwa makini."

"Kama mimi nawaona wao, wao watashindwaje kuniona? Mimi nina mwili mdogo kuliko kuku wao? Kuku nawaona!"

Alikataa habari hiyo, na viazi akaninyima. Lakini siku ile, nilipomshusha Soni, hakuniagiza nifunge vioo. Aliniuliza tu, "Kote ulitazama? Hata upande wa kushoto?"

Miezi ikapita. Magoti yakawa yanamsumbua, safari akazipunguza. Asubuhi moja simu yangu ikaita.

"Dereva, unapanda lini?"

"Shikamoo mama. Sina mgeni wiki hii."

"Marahaba. Mgeni yupo. Ni mimi. Nataka gari zima, peke yangu, kama wale wako. Nimechoka na ubishi wako. Nataka nikakuonyeshe kwamba jabali linaonekana."

Nilimkuta Soni, mahali pake palepale. Sweta, kanga, mabuti. Alikuwa na kabichi, gunia dogo la viazi, mapeasi, na chandarua kipya kimekunjwa vizuri. Nilivipakia bila kuuliza, na mwenye udaku kama mimi ajue hiyo ilikuwa kazi ngumu. Tukaanza kushuka. Kona ya kwanza alishika mlango, kona ya pili akashika mkono wangu, nikamwambia mama, huo mkono ndio unaoendesha. Jasho lilimtoka, sweta hakuivua. Tulipofika Mombo alitazama watu wanaokaanga mihogo, wanaocheka, wanaopakia mizigo, akawatazama kwa muda mrefu. Nadhani alitarajia kuwakuta wamelala na homa wote.

"Ule mmea gani, wenye maua mekundu?" aliuliza tulipotoka nje ya mji.

"Sijui mama. Tukamuulize mwenyewe."

Akacheka. Ndiyo mara ya pekee siku ile.

Mazinde mabati ya bluu yalikuwa mengi. Ilibidi tuanze nyumba ya kwanza, tusalimie, tuulize, nyumba ya pili, tusalimie, tuulize. Mwenyeji alishuka kwenye gari akatembea, mimi nikamfuata nimekumbatia kabichi. Alisalimia watu wa nyika nyumba kwa nyumba, akauliza habari za watoto wasiomjua. Mama mmoja akatuonyesha kwa kidole.

Uani palikuwa na kamba ya nguo, na mwanamke anaanua. Alipotuona alisimama, shuka likiwa mikononi. Hakuna aliyehitaji kuniambia ni nani, alikuwa na kimo kilekile na kidevu kilekile cha ubishi. Akaliachia shuka likaanguka vumbini, akapiga goti moja.

"Shikamoo mama."

Mwenyeji hakuitika. Niliibana ile kabichi kifuani. Nilisema moyoni, mama, usinifanyie hivi, nimekuleta mbali. Yeye akageuka, akatupa mgongo sote, akainua uso kuutazama mlima. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Alikinga jua kwa kiganja.

"Irente ni ipi?" aliuliza, bado ametugeuzia mgongo.

Binti aliinuka taratibu, akaja akasimama kando yake, akanyoosha mkono. "Ile pale, mama. Ule mwamba uliotokeza."

"Watu wakisimama pale, unawaona?"

"Hawaonekani. Ni mbali. Sijapata kumwona mtu hata siku moja."

"Wewe hukutazama vizuri."

"Natazama kila ninapoanua nguo," binti alisema. "Tangu nilipokuja. Nasikia huwa unaleta wageni pale. Naona jiwe tu."

Mwenyeji alishusha kiganja. Miaka yote ile alikuwa akimpa mgongo mtu asiyeweza kuuona, na mtu huyo alikuwa akimtafuta. Nilimwona anavuta pumzi, sweta ikapanda ikashuka. Akamgeukia mwanawe.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, mwanangu." Kisha, kwa sauti ya chini, lakini niliisikia: "Na ile ya siku ya maharage, marahaba."

Binti alimshika mabega. Mimi nilikuwa bado nimesimama katikati ya ua na kabichi mikononi, na hakuna aliyekuja kunipokea.